Robert Saleh: Rekodi ya msaidizi kabla hajakabidhiwa usukani

Katikati ya mwezi Januari mwaka 2021, klabu ya New York Jets ya Marekani ilimtangaza kocha wake mkuu mpya. Jina lake ni Robert Saleh, mzaliwa wa mji wa Dearborn katika jimbo la Michigan, mwenye asili ya Lebanon. Kwa uteuzi huo akawa Mwislamu wa kwanza anayefahamika kushika ukocha mkuu katika NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani iliyoanzishwa mwaka 1920 na ambayo sasa ina timu 32.

Habari ile ilipotufikia wengi tulifurahi, na tukaishia hapo. Picha yake ilipita kutoka simu moja hadi nyingine ikisindikizwa na takbira na dua. Furaha ile haikuwa na ubaya wowote. Lakini ni wachache waliouliza swali ambalo waliomwajiri walilazimika kuliuliza kwanza: mtu huyu amefanya nini kabla ya leo? Hawakumpa kazi kwa sababu ya jina lake wala dini yake. Walikuwa na rekodi yake mezani, miaka minne ya uratibu wa ulinzi katika klabu ya San Francisco 49ers, na rekodi hiyo ilikuwa na kurasa nzuri na kurasa chungu.

Makala hii inaifungua rekodi hiyo ukurasa baada ya ukurasa. Sababu yake si mapenzi ya mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi. Sababu ni kwamba sisi pia, katika misikiti, madrasa na majumba yetu, kila mwaka tunampandisha msaidizi kuwa mkuu, na mara nyingi hatujui tutazame nini katika aliyoyafanya.

Mratibu hufanya kazi gani?

Msomaji aliyezoea soka letu, la Simba na Yanga au la Gor Mahia na AFC Leopards, anahitaji maelezo mafupi. Katika futiboli ya Kimarekani kila upande huwa na watu 11 uwanjani, lakini kikosi kizima kina wachezaji 53. Wanaoshambulia si wale wanaolinda. Timu ikiupoteza mpira, wale 11 wa mashambulizi hutoka wote na 11 wengine wa ulinzi huingia. Uwanja una urefu wa yadi 100 kati ya mistari miwili ya mabao, sawa na mita 91 hivi. Wanaoshambulia hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Wakifaulu hupewa nne nyingine, wakishindwa huuachia upande wa pili. Mashambulizi yote huanzia mikononi mwa mrushaji mkuu, yule anayepokea mpira na kuamua autupe kwa nani au ampe nani akimbie nao.

Kwa kuwa kazi ni mbili zisizofanana, kocha mkuu huwa na mratibu wa mashambulizi na mratibu wa ulinzi. Mratibu wa ulinzi hukaa wiki nzima akitazama picha za mechi za wapinzani, akipanga nani asimame wapi na nani amfuate nani. Siku ya mechi, kabla ya kila mchezo mmoja, ana sekunde chache tu za kuchagua mpango na kumpelekea mlinzi mmoja mwenye kipokezi cha redio ndani ya kofia yake, naye huwatangazia wenzake.

Hayo ndiyo mamlaka yake. Hana neno la mwisho kuhusu nani asajiliwe, mashambulizi yaendeshwe vipi, wala klabu itumie fedha zake wapi. Kwa hiyo anayemhukumu mratibu lazima atenganishe kile kilichokuwa mikononi mwake na kile kilichokuwa mikononi mwa wengine. Hapo ndipo wengi hukosea.

Dearborn, benki na kaka aliyenusurika

Saleh alizaliwa Januari 31, 1979. Dearborn ni mji uliokua na viwanda vya magari vya Ford, na ni miongoni mwa miji ya Marekani yenye Waarabu na Waislamu wengi kwa kulinganisha na ukubwa wake. Alisoma katika shule ya sekondari ya Fordson, ambayo wanafunzi wake wengi ni watoto wa familia za Kiarabu. Mwaka 2011 timu ya futiboli ya shule hiyo iliingizwa katika filamu ya hali halisi iliyoonyesha vijana waliofunga Ramadhani wakifanya mazoezi usiku ili saumu yao isivunjike na maandalizi yao yasikwame. Kutoka Fordson, Saleh alikwenda Chuo Kikuu cha Northern Michigan, akacheza huko katika safu ya mashambulizi.

Alipohitimu hakuingia katika ukocha. Aliajiriwa na benki ya Comerica mjini Detroit, kazi ya heshima ambayo mzazi yeyote angeipokea kwa shukrani. Kisha ikaja Septemba 11, 2001. Kaka yake mkubwa, David, alikuwa ndani ya jengo la pili kati ya yale majengo pacha ya New York. Alishuka kwa ngazi pamoja na umati, akatoka akiwa hai. Kwa saa kadhaa familia haikujua habari zake.

Saleh amesimulia mara nyingi kwamba tukio lile lilimfanya ajiulize anayatumiaje maisha yake. Mwanzoni mwa mwaka 2002 aliiacha benki, akaomba nafasi ya chini kabisa ya ukocha katika Chuo Kikuu cha Michigan State. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Ndugu msomaji, tukio hili lisitupite haraka. Kijana mwenye kazi ya benki anarudi nyumbani na kusema anataka kuwa msaidizi wa wasaidizi katika timu ya chuo. Wangapi miongoni mwetu wangemkubalia?

Miaka 15 katika vyumba vya nyuma

Kati ya siku alipoacha benki na siku alipokuwa mratibu ilipita miaka 15. Alianza Michigan State, akaenda Central Michigan mwaka 2004, kisha Chuo Kikuu cha Georgia, na mwaka 2005 akaingia NFL kama mwanagenzi katika klabu ya Houston Texans. Alibaki Houston hadi mwisho wa msimu wa 2010, miaka mitatu kati ya hiyo akifanya kazi inayoitwa udhibiti wa ubora. Jina ni kubwa, kazi ni ya mtu asiyeonekana: kukata picha za mechi, kuhesabu mpinzani hufanya nini katika kila hali, kuchora michoro na kuiweka mezani kabla wakubwa hawajafika.

Mwaka 2011 alikwenda Seattle Seahawks. Huko alirudia kazi ileile ya udhibiti wa ubora, ingawa Houston alikwishapanda kuwa kocha msaidizi wa walinzi wa safu ya pili. Kwa macho ya mtaani, alikuwa ameshushwa cheo. Lakini Seattle ilikuwa ikijenga mojawapo ya safu kali za ulinzi za zama zile, na mwanafunzi mwenye akili hukubali kukaa mkekani kwa mwalimu mwenye elimu kuliko kukaa kitini mahali pasipo na la kujifunza. Februari 2014 Seattle ilitwaa ubingwa wa Super Bowl kwa kuifunga Denver Broncos 43 kwa 8, na Saleh alikuwa katika benchi lile.

Baada ya ubingwa huo alimfuata Gus Bradley katika klabu ya Jacksonville Jaguars. Bradley aliwahi kuwa mratibu wa ulinzi wa Seattle, na sasa alikuwa kocha mkuu. Saleh alifundisha walinzi wa safu ya pili kwa misimu mitatu, 2014 hadi 2016. Jacksonville ilishinda mechi 3, kisha 5, kisha 3, na Bradley akafukuzwa. Katika miaka mitatu Saleh alikuwa ameonja ubingwa na ameonja kuvunjwa kwa benchi zima la makocha.

Kuna jambo jingine la miaka ile. Central Michigan alifanya kazi na kijana mwenzake, Matt LaFleur, wote wakiwa makocha wanafunzi wenye kipato kidogo. Baadaye, akiwa Houston, Saleh alimsaidia LaFleur kupata nafasi katika klabu hiyo. Tulikumbuke jina hili, kwa kuwa litarudi.

Miaka minne San Francisco

Mwaka 2017 San Francisco 49ers ilimwajiri Kyle Shanahan kuwa kocha mkuu, naye akamchukua Saleh kuwa mratibu wa ulinzi. Klabu ilikuwa imetoka katika msimu wa ushindi wa mechi 2 tu kati ya 16.

Mwaka wa kwanza ulianza vibaya. Timu ilipoteza mechi 9 za mwanzo, ikamaliza na ushindi wa mechi 6. Ulinzi wa Saleh ulikuwa wa 24 kati ya timu 32 kwa yadi walizoruhusu, na wa 25 kwa pointi walizofungwa.

Mwaka wa pili, 2018, timu ilishinda mechi 4 tu. Kwa yadi, ulinzi ulipanda hadi nafasi ya 13, lakini kwa pointi ulishuka hadi ya 28. Tena kulikuwa na aibu ya pekee. Walinzi wa San Francisco waliwanyang'anya wapinzani mpira mara 7 tu katika msimu mzima, na katika hizo, pasi walizozidaka hewani zilikuwa 2. Hesabu zote mbili zilikuwa za chini kuliko za timu yoyote katika historia ya ligi. Mashabiki wengi walitaka mratibu afukuzwe. Shanahan alikataa.

Mwaka wa tatu, 2019, mambo yaligeuka. Timu ilishinda mechi 8 za mwanzo mfululizo, ikamaliza na ushindi wa mechi 13 na kupoteza 3. Ulinzi ulikuwa wa pili katika ligi nzima kwa yadi, na wa kwanza katika kuzuia pasi. Kutoka kunyang'anya mpira mara 7 walifika mara 27. Kamera za televisheni zilianza kumtafuta Saleh pembeni mwa uwanja, kichwa kimenyolewa, mishipa imemtoka shingoni, akiruka na kupiga kelele pamoja na vijana wake. Katika mtoano waliifunga Minnesota Vikings 27 kwa 10, kisha Green Bay Packers 37 kwa 20. Kocha mkuu wa Green Bay siku ile alikuwa Matt LaFleur, rafiki wa siku za dhiki.

Fainali ya Super Bowl ilichezwa Februari 2, 2020 dhidi ya Kansas City Chiefs. San Francisco iliongoza 20 kwa 10 katika robo ya mwisho. Zikiwa zimebaki dakika kama saba, Kansas City ilikuwa katika nafasi ya tatu na ilihitaji yadi 15, hali ambayo ulinzi hushinda mara nyingi. Mrushaji Patrick Mahomes alimpata Tyreek Hill mbali nyuma ya walinzi kwa pasi ya yadi 44. Toka hapo Kansas City ilifunga pointi 21 mfululizo, na mechi ikaisha 31 kwa 20. Ulinzi uliosifiwa mwaka mzima ulivunjika katika dakika zilizohitajika zaidi. Hilo nalo limo katika rekodi, na si haki kulifuta. Msimu uleule Cleveland Browns ilimhoji Saleh kwa nafasi ya kocha mkuu, ikamchagua mtu mwingine.

Mwaka wa nne, 2020, timu ilirudi kwenye ushindi wa mechi 6 na kupoteza 10. Kabla ya msimu, klabu ilimuuza DeForest Buckner, nguzo ya safu ya mbele. Katika mechi ya pili, Nick Bosa, mlinzi bora kijana, aliumia goti na kukosa msimu wote uliobaki. Dee Ford alicheza mechi moja tu, Richard Sherman alicheza 5. Desemba, kwa sababu ya masharti ya korona katika wilaya yao, timu ilihama na kucheza mechi zake za nyumbani Arizona. Pamoja na hayo yote, ulinzi wa Saleh ulimaliza wa 5 kwa yadi katika ligi nzima.

Januari iliyofuata New York Jets ilimwita.

Namna ya kuisoma rekodi

Ukimpa mtu mwenye haraka rekodi hii, atachukua mwaka mmoja na kuufanya ushahidi wote. Anayempenda Saleh atachukua 2019, asiyempenda atachukua 2018. Wote wawili watakuwa na namba sahihi na hukumu isiyo sahihi.

Tuuchunguze kwanza mwaka mbaya. Kwa nini 2018 ulinzi ulikuwa wa 13 kwa yadi lakini wa 28 kwa pointi? Yadi hupima ni umbali gani mpinzani amesogea. Pointi hutegemea pia ameanzia wapi. Mrushaji mkuu wa San Francisco, Jimmy Garoppolo, aliumia goti katika mechi ya tatu, na mashambulizi yakawa yanapoteza mpira mara kwa mara. Mlinzi anayeingia uwanjani wakati adui yuko hatua chache kutoka mstari wa bao hana umbali wa kuulinda. Hilo halikuwa kosa la mratibu. Lakini ule upungufu wa kunyang'anya mpira ulikuwa sehemu ya kazi yake, na hakuna wa kumsingizia.

Tuuchunguze sasa mwaka mzuri. Kabla ya 2019 klabu ilimpata Bosa kwa chaguo la pili katika mgao wa wachezaji wapya, ikamnunua Ford kutoka Kansas City, ikamsajili Kwon Alexander. Aliletwa pia kocha mpya wa safu ya mbele, Kris Kocurek, aliyewapanga washambuliaji wa ulinzi kwa upana zaidi ili wamfikie mrushaji haraka, na Joe Woods akaja kusimamia uzuiaji wa pasi. Mrushaji anayeshambuliwa mapema hutupa vibaya, na mpira uliotupwa vibaya hudakwa. Basi sifa ya 2019 ni ya nani? Ni ya Saleh, ya Bosa, ya Kocurek, au ya waliotoa fedha?

Kwa mwaka 2019 peke yake swali hili halina jibu. Msaada ulikuwa mwingi mno kiasi kwamba mkono wa mratibu hauwezi kutenganishwa na mikono ya wengine. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba aliambiwa alipokosea, akakubali wasaidizi wenye mawazo tofauti na yake, akabadilika. Si wakubwa wote wanaoweza hilo.

Mwaka 2020 ndio uliojibu. Msaada uliondoka: Buckner ameuzwa, Bosa na Ford wako hospitalini, Sherman anachechemea, timu haina hata uwanja wake. Kama uzuri wa 2019 ulikuwa wa wachezaji tu, ulinzi ungeporomoka hadi chini kabisa. Haukuporomoka. Ulishuka kutoka wa pili hadi wa 5 kwa yadi, na kwa pointi ukawa wa 17, huku mashambulizi yakiyumba tena. Ushahidi wenye nguvu kuliko wote katika rekodi ya Saleh umo ndani ya msimu ambao timu yake ilipoteza mechi 10.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi moyoni. Mwaka uliong'aa ndio uliotuambia machache kuhusu mtu mwenyewe, na mwaka uliofifia ndio uliotuambia mengi.

Kuna shahidi mwingine asiyeonekana katika namba, nao ni watu waliokuwa chini yake. Sherman, ambaye alikuwa pamoja naye Seattle na tena San Francisco, alisema hadharani kwamba Saleh anastahili kuwa kocha mkuu. Mchezaji mkongwe hana haja ya kumsifu kocha anayeondoka.

Alichokikuta New York

Haki inatutaka tuseme pia yaliyofuata. New York Jets ilikuwa imeshinda mechi 2 kati ya 16 kabla yake, na haikuwa imefika mtoano tangu msimu wa 2010. Mwaka wake wa kwanza, 2021, ulinzi wa Jets ulikuwa wa 32, yaani wa mwisho kabisa. Mwaka 2022 ulikuwa wa 4. Mwaka 2023 ulikuwa wa 3 kwa yadi. Mwenye kumbukumbu ataona mwendo uleule wa San Francisco: kuanguka, kujenga, kupanda. Katika jambo ambalo rekodi yake ililipima, rekodi haikusema uongo.

Lakini kocha mkuu hahukumiwi kwa ulinzi peke yake. Mashambulizi ya Jets yalikuwa dhaifu karibu muda wote. Mwaka 2023 klabu ilimleta Aaron Rodgers, mrushaji mwenye jina kubwa, naye akaumia mguu katika mchezo wake wa nne wa mechi ya kwanza. Oktoba 8, 2024, baada ya mechi tano za msimu, siku mbili tu baada ya kufungwa na Minnesota mjini London, Saleh alifukuzwa. Jumla yake New York ni ushindi wa mechi 20 na kupoteza 36.

Je, waliomwajiri walidanganyika? Sidhani. Rekodi ya mratibu wa ulinzi ilijibu swali la ulinzi. Haikuwahi kuulizwa atamchagua nani kuongoza mashambulizi, ataishije na mmiliki, atafanya nini nyota akiumia. Hayo hayamo katika kazi ya msaidizi, na kwa hiyo hayawezi kuwamo katika rekodi yake. Kosa la waajiri wengi ni kusoma jibu la swali moja na kulifanya jibu la maswali kumi.

Alipofukuzwa, aliyemfungulia mlango alikuwa LaFleur. Alimwita Green Bay kuwa mshauri kwa sehemu ya msimu iliyobaki, na safari hii ushauri wake ulikuwa upande wa mashambulizi, ule alioukosea New York. Wema wa miaka ya ujana ulirudi bila kudaiwa. Kisha mwaka 2025 San Francisco ilimrejesha katika kazi yake ya zamani ya uratibu wa ulinzi. Shanahan aliyemjua kwa miaka minne, katika mabaya na mazuri, alimtaka tena.

Sisi na wasaidizi wetu

Kamati yetu ya msikiti ilikaa wakati mmoja kumtafuta mwalimu mkuu wa madrasa. Naibu alikuwapo, amehudumu miaka kadhaa. Mjumbe mmoja alitoa karatasi yenye matokeo ya mwaka ambao watoto walianguka vibaya, akasema mtu huyu hafai. Karatasi ilikuwa ya kweli. Mimi kama katibu ndiye niliyekuwa na daftari, na nilikuwa karibu kuandika kwamba jina limeondolewa.

Mzee mmoja akauliza: mwaka ule walimu walikuwa wangapi? Nikafungua kurasa za nyuma. Walimu wawili walikuwa wameondoka kwa sababu hatukuwalipa posho zao kwa wakati, na naibu alibaki na madarasa matatu katika chumba kimoja. Pamoja na hayo, hakuna mtoto hata mmoja aliyeacha madrasa mwaka ule. Tulikuwa tunataka kumhukumu kwa kosa letu wenyewe, na ushahidi bora kwa upande wake ulikuwa katika mwaka uleule tuliouleta kumwangusha.

Tulimteua. Na mwaka wake wa kwanza alisumbuka kweli, si katika kufundisha bali katika hesabu za fedha na mazungumzo na wazazi, mambo ambayo naibu hakuwahi kukabidhiwa. Safari hii tulijifunza mapema. Hatukumlaumu kwa kutojua jambo ambalo hakuwahi kufundishwa. Tulimpa mweka hazina wa kukaa naye, na mama mmoja mwenye busara wa kushughulikia wazazi. Madrasa imetulia, alhamdulillah.

Tunayo kumbukumbu iliyo bora zaidi ya hii katika kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Alipojitolea kusimamia hazina za Misri hakutaja ukoo wake wala uzuri wake. Alitaja uwezo wa kuhifadhi na elimu ya kazi, na nyuma yake palikuwa na miaka ya uaminifu katika nyumba ya bwana wake na katika gereza, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimwandikia sifa. Rekodi yake ilijengwa katika miaka ya dhiki.

Kwa hiyo ndugu zangu wa kamati, tunapompima msaidizi tusimpime kwa mwaka mmoja. Tuulize alipewa nini, alinyimwa nini, na alifanya nini siku msaada ulipoondoka. Tuwaulize waliokuwa chini yake, si waliokuwa juu yake tu. Na tukimpandisha, tujiulize ni kazi ipi mpya ambayo hajawahi kuigusa, tumpatie wa kumsaidia kabla hajaanguka.

Na wazazi wenzangu, kijana wenu akiwa katika miaka yake ya kukata picha na kuchora michoro ambayo hakuna anayeitazama, msimfananishe na mwenzake aliyekwisha kupata cheo. Saleh alifanya kazi hiyo Houston, akairudia Seattle, na miaka 15 ilipita kabla jina lake halijatajwa. Mwenye kufanya amana ndogo kwa ukamilifu anajiandalia amana kubwa, hata kama siku yenyewe bado haijafika.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu tunapopima kazi za wenzetu, na atujaalie kazi zetu ziwe za kupimika. Amin.